Sura ya Saba: Ishara Isiyoficha Jeraha

Mwaka 71 KK, jeshi la Roma lilipomaliza kuuzima uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, mateka wapatao 6,000 walitundikwa misalabani kando ya Barabara ya Appia, kuanzia Capua hadi Roma yenyewe. Kila aliyepita njia hiyo alipewa somo lisilohitaji maneno: haya ndiyo malipo ya mtumwa anayeinua kichwa. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa, waasi na watu wa nchi zilizotekwa. Raia wa Roma kwa kawaida hakuuawa hivyo, na Cicero, mwanasheria aliyezoea kusema mengi mahakamani, aliona kwamba hata jina la adhabu hiyo halifai kufika masikioni mwa raia. Aliyetundikwa alivuliwa nguo, akadhihakiwa, akafa taratibu mbele ya umati, na mara nyingi akanyimwa hata kaburi. Leo umbo lile lile limetundikwa ukutani katika wodi za hospitali za misheni, linatangulia jeneza kuelekea makaburini, na linashikwa mkononi na wagonjwa wasio na nguvu tena ya kusali kwa maneno. Imekuwaje chombo cha kuwatia watumwa hofu kikawa kimbilio la wanaoteseka?

Wakristo wengi wakiulizwa swali hili hujibu upesi: ni kwa sababu ya Ufufuko. Yesu hakubaki kaburini, kwa hiyo msalaba ni alama ya ushindi. Kwa imani ya Kikristo jibu hilo ni kweli, lakini haliligusi swali lenyewe. Kama faraja yote inatoka kwenye asubuhi ya Pasaka, ishara iliyofaa kuwekwa mbele ya mgonjwa ingekuwa kaburi tupu, jua linalochomoza, au jiwe lililoviringishwa. Wakristo walikuwa na uhuru wa kuchagua picha kama hizo. Hata hivyo, mtu anapoumwa, anapofiwa au anapofungwa bila kosa, picha anayoitafuta mara nyingi ni ile ya Ijumaa Kuu, ya msalaba. Hoja ya sura hii ni kwamba msalaba unafariji kwa sababu unaanza kwa kukiri jeraha. Kabla ya kuahidi chochote, unakubali kwamba kilichotokea kimetokea, kwamba kinauma, na kwamba anayelia hana haja ya kuona haya. Tumaini lake linajengwa juu ya ukweli huo. Ndiyo maana pia ishara hiyo hiyo, ikitumiwa kufunika jeraha badala ya kulionyesha, hugeuka kuwa mzigo juu ya mzigo.

Historia inaonyesha kwamba faraja hiyo haikuja kirahisi. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, Wakristo wa karne za mwanzo walichora nanga, samaki, njiwa, na mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Picha ya Yesu akiwa msalabani ni adimu mno katika karne hizo. Mojawapo ya michoro ya kale kabisa ya kusulubiwa kwake ni ya dhihaka. Ilipatikana mwaka 1857 kwenye ukuta wa jengo la kilima cha Palatino mjini Roma, na wataalamu wengi huikadiria kuwa ya karibu mwaka 200. Inamwonyesha mtu mwenye kichwa cha punda akiwa msalabani, na mbele yake kijana aitwaye Alexamenos ameinua mkono. Maandishi ya Kigiriki yanamcheka kwa kuabudu mungu wa namna hiyo. Mtume Paulo alikuwa amekwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba habari ya msalaba ni kikwazo kwa baadhi ya watu na upuuzi kwa wengine, na mchoro ule unathibitisha kwamba hakutia chumvi. Hata katika milango ya mbao ya kanisa la Santa Sabina, iliyochongwa karibu mwaka 430, pale ambapo Yesu anaonekana hadharani kati ya wahalifu wawili, misalaba yenyewe karibu haionekani. Watu waliokuwa karibu na kumbukumbu ya adhabu ile waliona shida kuitazama. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba vipande viwili vya mti vina nguvu ya kutuliza kwa maumbile yake. Nguvu iko katika kile ambacho watu walikuja kukiona pale.

Walikiona nini? Yeyote anayejua jinsi watu wetu wanavyokaa msibani ana njia fupi ya kuelewa. Nyumba ikifiwa, anayesaidia kwanza ni yule anayefika, anayesema pole, anayekaa mkekani, anayelala hapo hapo siku za matanga, hata kama hana neno la ziada. Anayefika na maelezo, akianza kueleza kwa nini marehemu ameondoka na somo gani Mungu amekusudia kwa familia, huongeza maumivu ingawa nia yake ni njema. Kitabu cha Ayubu kinalijua jambo hili. Rafiki zake watatu walipomwona katika hali yake, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizokuwa rafiki wa kweli. Walipofungua vinywa na kuanza kueleza sababu za mateso yake, maneno yao yakawa mashtaka juu ya vidonda. Adhabu ya kaburi, husema Waswahili, aijuaye maiti. Madai ya Wakristo kuhusu msalaba ni mazito kwa sababu yanajibu methali hii moja kwa moja: kwamba Mungu hakutuma maelezo kutoka mbali, bali alikuja kukaa msibani, na kwamba yeye mwenyewe anaijua adhabu hiyo kwa kuionja. Anayekataa madai haya bado anaweza kuona kwa nini aliyeyakubali anapata ndani yake kitu ambacho hoja nzuri haimpi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jambo hili uko Ulaya, katika kijiji cha Isenheim huko Alsace, mashariki ya Ufaransa ya leo. Watawa wa Mtakatifu Antoni walikuwa na monasteri na hospitali huko, wakiwahudumia hasa wagonjwa wa maradhi yaliyoitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Leo tunajua chanzo chake: ni kuvu linaloota kwenye nafaka ya rai, jamii ya ngano ya nchi za baridi, ambalo likisagwa pamoja na unga huleta sumu kwenye mkate. Mishipa ya damu hubana, mwili huhisi kama unaungua, mgonjwa hupata degedege na kuona mambo yasiyokuwepo, na vidole au miguu huweza kuwa myeusi na kukatika. Maskini ndio waliougua zaidi, maana mkate wao ulikuwa wa rai. Watawa waliwapa mkate safi, divai, na marhamu ya mitishamba, na pale ilipobidi, viungo vilivyooza vilikatwa. Kwa ajili ya kanisa la watu hawa, kati ya mwaka 1512 na 1516, mchoraji Matthias Grünewald alichora mbao za altare ambazo sasa zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Unterlinden mjini Colmar.

Picha ya katikati inamwonyesha Yesu msalabani, na haimstahi mtazamaji. Ngozi ina rangi ya kijani cha mwili unaooza, imejaa vidonda na ncha za miiba, vidole vimekakamaa na kutawanyika, miguu imevimba kuzunguka msumari. Wachoraji wengi wa zama zile walimchora Kristo akiwa na mwili mzuri hata katika kifo. Grünewald alimpa mwili wa mgonjwa wa hospitali ile. Mbao hizo zilifunguka katikati kama milango, na kwa kuwa msalaba uliwekwa kando kidogo ya mstari wa katikati, milango ilipofunguliwa mkono mmoja wa Yesu ulitengana na mwili. Ubao wa chini, unaomwonyesha akiandaliwa kuzikwa, nao uligawanyika mahali pa miguu. Huenda ni makusudi, huenda ni hesabu za seremala tu; lakini mtu aliyeletwa mbele ya altare ile akiwa amekatwa mguu hakuhitaji mwalimu wa sanaa kumfafanulia. Kwenye ubao mwingine, unaomwonyesha Antoni akishambuliwa na mashetani, pembeni amekaa mtu mwenye tumbo lililovimba na mwili uliojaa madonda, na chini kuna karatasi iliyochorwa, yenye malalamiko ya kumuuliza Yesu alikuwa wapi na kwa nini hakuja mapema kuponya. Katika hospitali ya kanisa, juu ya altare, manung'uniko ya mgonjwa yaliandikwa yasomwe. Hapo ndipo ninapoona kiini cha faraja ya msalaba. Hakuna aliyewaambia wagonjwa wale kwamba hali yao si mbaya kama wanavyodhani. Waliambiwa kwamba ni mbaya hivyo hivyo wanavyoiona, na kwamba hawamo ndani yake peke yao.

Mfano wa pili uko nyumbani, Mkunazini mjini Unguja. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akiwa ameshinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga masoko yao. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana katika eneo lililokuwa soko la watumwa, na Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili ambaye alishiriki pia katika kutafsiri Biblia, ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Kwa mapokeo ya mahali pale, altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa viboko, na kwenye sakafu kuna duara la marumaru linalokumbusha mahali hapo. Humo kanisani kuna pia msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake Chuma, Susi na watumishi wenzao waliuzika moyo wa mmisionari David Livingstone mwaka 1873 kabla ya kuubeba mwili wake hadi pwani. Kama mtu angetaka kuwafariji waliokombolewa kwa kuwasahaulisha, asingejenga hapo. Angetafuta kiwanja safi penye upepo wa bahari, mbali na harufu ya mnada. Waliojenga walichagua kuiweka meza ya Bwana juu ya jeraha lenyewe, ili anayekuja kupokea apite juu ya duara lile akijua ni nini.

Hapa mtu makini atapinga, na ana haki. Atasema msalaba ule uliletwa na wageni, kutoka taifa ambalo lenyewe lilifanya biashara ya watumwa hadi mwaka 1807, na kwamba nyuma ya wamisionari ilikuja bendera. Atasema pia kwamba mkataba wa 1873 haukumwachia huru mtumwa aliyekuwa tayari visiwani. Hadhi ya utumwa iliendelea kutambulika kisheria hadi mwaka 1897, huku kengele ya kanisa ikilia. Yote hayo ni kweli, na historia ya kanisa isiyoyataja ni ya kujipendekeza. Lakini hoja hiyo ikiachwa peke yake inawafuta watu muhimu kuliko wote, yaani wale waliokombolewa na wakaipokea ishara ile kwa mikono yao. John Swedi, aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni na kusomeshwa na misheni, akawa padri mwaka 1890, na alikwenda kufanya kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa watu wa kabila lake, katika nchi ambazo misafara ilikuwa imewachukua watoto kama yeye. Aliyewahi kuhesabiwa kama bidhaa alisimama mbele ya watu akiinua alama ya mtu mwingine aliyeuawa kifo cha mtumwa. Mzungu aliyemletea msalaba alikuwa amesoma habari zake kitabuni. Majaliwa alikuwa na sababu ya kuujua kwa karibu zaidi.

Pingamizi la pili linatoka upande wa sayansi. Linasema kwamba faraja hii ni kazi ya akili tu: ubongo hutulizwa na chochote ulichozoeshwa kukiheshimu. Kuna ushahidi wa kuzungumzia. Mwaka 2008 watafiti wa Oxford wakiongozwa na Katja Wiech walichapisha jaribio ambamo Wakatoliki 12 na watu 12 wasioamini walipewa mishtuko midogo ya umeme mkononi huku wakitazama picha. Moja ilikuwa ya Bikira Maria, nyingine ya mwanamke asiyehusiana na dini, iliyochorwa na Leonardo da Vinci. Walipotazama picha ya Leonardo makundi mawili hayakutofautiana, lakini Wakatoliki walipotazama ya Maria walisema maumivu yamepungua, na sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia, inayohusika na kulipa jambo maana mpya, ilifanya kazi zaidi. Jaribio ni dogo na halikutumia msalaba, kwa hiyo lisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo linaonyesha mambo mawili. Kwanza, ishara haifanyi kazi kama dawa inayomponya anayeijua na asiyeijua. Humgusa aliye ndani ya maisha yanayoipa maana. Pili, kujua ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi hakutuambii kama maana iliyopatikana ni ya kweli au ya uongo. Ubongo una sehemu inayofanya kazi mama anapomtambua mwanawe, na hakuna anayesema kwa hiyo mtoto hayupo.

Utafiti mwingine unaongeza uzito. Mwaka 2001, Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takriban miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliokuwa wamelazwa hospitalini nchini Marekani. Wale waliokuwa katika mvutano na Mungu, wakihisi kwamba amewaacha au anawaadhibu, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya watafiti kuzingatia hali zao za afya. Dini, basi, si faraja tupu. Inaweza pia kumwongezea mgonjwa hukumu. Hapa ndipo swali la jinsi msalaba unavyosimuliwa linapokuwa swali la uhai. Mathayo na Marko wanaandika kwamba Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akimuuliza Mungu sababu ya kumwacha. Kanisa lingeweza kukificha kilio hicho, maana hakimpi mwokozi sura ya shujaa. Halikukificha. Mgonjwa anayehisi ameachwa, akifundishwa kwamba hisia hiyo ni dhambi, ataifungia moyoni na itamla. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Akionyeshwa kwamba kilio hicho kimo ndani ya imani, kimetoka kinywani mwa Mwana, anaweza kukitoa bila kujiona amefukuzwa nyumbani. Siwezi kudai kwamba utafiti ule ulipima jambo hili. Nadai kwamba unaonyesha hatari ya kulikosa.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu, nalo linatolewa na waumini wenyewe. Mwanamke anapigwa na mumewe, anakimbilia kwa wazee wa kanisa, anaambiwa arudi akavumilie kwa kuwa huo ndio msalaba wake. Kibarua anadhulumiwa ujira, anaambiwa thawabu yake iko mbinguni. Karl Marx alipoiita dini kasumba ya watu alikuwa na picha kama hizi, ingawa katika maandishi hayo hayo alikiri pia kwamba dini ni pumzi ya kiumbe aliyeonewa. Hatuwezi kumjibu kwa kusema kwamba matumizi hayo hayapo. Yapo, na yameua watu. Jibu liko ndani ya Injili, kwa yeyote atakayesoma kwa makini nani anafanya nini. Yesu alipokutana na wagonjwa hakumwambia hata mmoja abebe ugonjwa wake kama msalaba, aliwaponya. Msalaba aliousema ni gharama ambayo mfuasi anaichukua mwenyewe kwa hiari kwa kusimama upande wa haki, kama yeye alivyosimama. Na katika masimulizi ya Mathayo, Marko na Luka, wanaoonekana wakimtwika mtu mwingine msalaba ni askari wa Pilato: walimkamata Simoni Mkirene njiani wakamlazimisha aubebe. Mzee wa kanisa anayemwambia mwanamke aliyevunjwa mkono kwamba huo ni msalaba wake amesimama mahali pa askari, hata kama amevaa joho.

Ukweli huu unathibitishwa na watu waliouchukua msalaba kwa uzito na wakafika mahali pengine kabisa. Cicely Saunders, Mkristo aliyeanzisha hospitali ya St Christopher mjini London mwaka 1967 kwa ajili ya wanaokaribia kufa, alisisitiza kwamba mgonjwa apewe mofini kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kusubiri alie. Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na mofini ya maji inayotengenezwa kwa gharama ndogo ikawafikia maskini nyumbani kwao. Kama msalaba ungekuwa unafundisha kwamba maumivu ni mema yenyewe, watu hawa wangekuwa wasaliti wake. Wao waliusoma kinyume: kwamba aliyetundikwa pale yumo katika kila mwili unaouma, na kwa hiyo mwili huo unastahili dawa leo.

Pingamizi la mwisho halijibiki kwa utulivu. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, Watutsi wa Rwanda walikimbilia makanisani wakiamini kwamba nyumba yenye msalaba haitaguswa. Waliuawa humo kwa maelfu, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye na kwingineko. Huko Nyange, padri Athanase Seromba alishiriki katika kuliangusha kanisa lake kwa tingatinga huku watu wapatao 1,500 wakiwa ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2006, na katika rufaa ya mwaka 2008 adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Mtu akisema baada ya hapo kwamba ishara hii haiwezi kumfariji tena, hakuna mwenye haki ya kumkaripia. Ninachoweza kusema ni kwamba yaliyotokea yanaua namna moja ya kuuelewa msalaba, nayo ilistahili kufa: kuufanya hirizi. Haukuwahi kuahidi kwamba aliye karibu nao hatauawa. Aliyekuwa juu yake aliuawa. Na yanapotokea mauaji, ishara hiyo yenyewe inasema waziwazi iko upande gani. Padri aliyeshiriki alikuwa mtumishi wa msalaba, lakini waliokuwa mahali pa Msulubiwa walikuwa chini ya vifusi. Kwa hiyo msalaba unabaki kuwa shahidi dhidi ya kanisa linapokosa, na faraja isiyo tayari kuwashtaki wauaji haistahili kupewa waliookoka.

Je, tumaini liko wapi, ikiwa ishara hii haifuti maumivu, haiyaelezi wala haiyazuii? Turudi kidogo kwenye mbao za Grünewald. Siku za kawaida zilifungwa, na wagonjwa waliona picha ya Ijumaa Kuu. Siku za sikukuu zilifunguliwa, na ndani kulikuwa na Ufufuko: Kristo anapaa katika mwanga mkali, ngozi ni safi, madonda yamekwisha. Lakini ameinua viganja, na alama za misumari zimo. Mchoraji hapo alikuwa mwaminifu kwa Yohana, anayesimulia kwamba Tomaso aliwekewa mbele majeraha yale yale ili amtambue Bwana wake. Tumaini la Kikristo, likisemwa vizuri, halisemi kwamba siku moja itakuwa kana kwamba hukuumia. Kwa mama aliyezika mtoto, ahadi kama hiyo ingekuwa tusi, kwa kuwa kusahau maumivu kungekuwa kumsahau mtoto. Linasema kwamba jeraha halitakuwa neno la mwisho juu ya mwenye jeraha, na kwamba yeye mzima, pamoja na historia yake, ndiye atakayeinuliwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Matumaini ya kusahau huvunjika kila kumbukumbu inaporudi, lakini tumaini linalobeba kumbukumbu linaweza kuishi nayo nyumba moja.

Inabaki kusema kwamba ishara hii si ya kumbandika kila mtu. Katika mitaa ile ile ya Unguja kanisa la Mkunazini limezungukwa na Waislamu, ambao Qurani inawafundisha kwamba Isa hakusulubiwa, na ambao wana njia zao za subira na dua wakati wa msiba. Kumwekea jirani huyo msalaba mbele akiwa kitandani si kumfariji. Ni kumlazimisha afarijiwe kwa lugha ya nyumba nyingine. Anayeuamini msalaba anaweza kuutii bila kuutaja, kwa kufika, kukaa, kunyamaza na kwenda duka la dawa. Na hilo linatupa kipimo cha kuwapima hata wale wanaoutaja kila siku. Kanisa lolote lenye msalaba juu ya paa lake lina haki ya kuulizwa: je, mwenye jeraha anaweza kulionyesha humo ndani bila kuaibishwa, na akishalionyesha, yuko anayeinuka kwenda kulitafutia dawa?